Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Sparkbrook, Birmingham,
Machi 2005

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti, ingawa sakafu ya hapa ina zulia na hainiumizi kama ile ya jikoni kwako. Hujambo? Goti lako linasemaje na mvua hizi? Lusajo aliniambia kwenye simu kwamba kila mtu kakukataza kwenda shamba na wewe umetangulia jembe begani. Mdogo wangu huyo anadhani mimi nitakuweza kwa mbali, wakati yeye aliye hapo hapo kashindwa. Sisi huku hatujambo kiasi. Nasema kiasi kwa sababu kuna jambo, na ndilo lililonikalisha niandike badala ya kupiga. Simu ya dukani kwa Mama Neema haifai kwa jambo hili, maana pale dukani wote wanategea sikio. Kwa hiyo vaa miwani yako, usome mwenyewe. Lusajo asikusomee.

Kwanza nikwambie kwamba nimekumbuka nyumbani mpaka naona haya. Juzi nilipita Ladypool Road nikaona ndizi mbichi zimening'inia kwenye duka la Mpakistani mmoja, nikazinunua bila kuuliza bei, nikaja kuzipika na maharage. Hazikuwa zetu. Zilikaa ngumu hata baada ya kuchemka sana, nikazila hivyo hivyo huku machozi yananitiririka. Nimekumbuka mvua ikipiga bati. Nimekumbuka moshi, mama, ule ule niliokuwa nikiulalamikia. Humu ndani ukiunguza mkate tu, king'ora kilichoko darini kinapiga kelele nyumba nzima, majirani wanatoka nje.

Ulipoambiwa naolewa na Mjerumani anayeishi Uingereza, ulisema hiyo ni kuolewa na ugeni mara mbili. Basi ulisema kweli. Baba mkwe alikuja hapa akiwa kijana, fundi wa mashine katika kiwanda cha magari, akamfuata mkewe kwao akamleta, na Matias wangu akazaliwa humu humu Sparkbrook. Mama mkwe alifariki kabla sijafika, lakini pazia zake zipo, vikombe vyake vipo, na kila kitu kiko pale alipokiweka. Nyumba iko Uingereza, lakini ukishavua viatu mlangoni umeingia Ujerumani.

Nikupe machache ucheke. Asubuhi, hata barafu ikiwa imetanda nje, madirisha yote hufunguliwa wazi ili hewa ya jana itoke. Nilimwuliza Matias hewa ya jana imekosa nini. Baridi ya Tukuyu naijua, lakini baridi yetu hatuikaribishi ndani. Chakula cha jioni hakipikwi: ni mkate mweusi mzito, jibini na matango ya siki, na kila mtu ana kibao chake cha mbao. Siku ya kwanza nilidhani gesi imewaishia. Halafu kitandani nikakuta mablanketi manene mawili, moja la Matias na moja langu, yamekunjwa mbalimbali. Nikakaa ukingoni nikalia, nikajua nimeachwa kabla sijafungua sanduku. Kumbe ndivyo wanavyolala wote kwao, na wanapendana vizuri tu. Sasa nimezoea. Nikienda kulala kwa mtu mwingine nitagombana naye kwa ajili ya blanketi.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba humu ndani yumo mkwe.

Unajua mlivyonilea, wewe na Shangazi Tumpe. Baba mkwe humtazami usoni. Huli naye, hukai naye chumba kimoja, humpi mkono, jina lake hulitaji hata mdomo ukikuponyoka. Ukikutana naye njiani unaingia migombani, unasubiri apite. Najua wasichana wengi wa rika langu wamekwisha kuyaacha hayo, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama televisheni. Kwetu haikuwa hivyo, na mimi sikutaka watu waseme kwamba binti yako alipanda ndege akatupa adabu dirishani.

Sasa piga picha siku niliyofika. Matias anafungua mlango, na mzee kasimama kizingitini amevaa tai, mikono ameitandaza. Alitaka kunikumbatia, mama! Nilijifunika khanga usoni, nikachutama palepale nimeelekea ukuta wa jirani, kisha nikapenya chini ya mkono wake mpaka jikoni. Alikuwa amepanga meza, ameweka na maua. Mkate wangu niliulia jikoni, nimesimama karibu na sinki, na wao wawili wakala mezani peke yao. Matias aliniuliza kulikoni, nikamwambia ni heshima tu. Yeye aliishi Mbeya mjini akifundisha ufundi, mambo haya hakuyaona. Akadhani ni aibu ya siku mbili tatu, itapita.

Haikupita. Na nikwambie, baba mkwe huyu ni rahisi kumkwepa kuliko mkwe yeyote wa Rungwe, kwa sababu hana siku inayotofautiana na nyingine. Kushuka kwake, kutembea kwake, redio yake, kahawa yake ya alasiri na kipande cha keki, kila kimoja kina saa yake na hakisogei. Akiwa chini, mimi niko juu. Akitoka kutembea, mimi nashuka, nafua, napika, naimba. Nikisikia ufunguo mlangoni nimeshapanda. Tatizo lilikuwa ngazi tu, maana ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na watu wawili hawapishani bila kugusana. Kwa hiyo sipandi kabla sijasikiliza.

Mimi nilijiona mkwe mwema. Naye akazidi kunyong'onyea. Keki yake ya alasiri alikuwa akikata vipande viwili, kimoja anakifunika na sahani na kukiacha jikoni. Nilikuwa nakila akishaondoka. Tukakaa hivyo mpaka siku moja Matias alirudi kutoka kazini akanikalisha chini.

"Baba anataka kuhama," akasema. "Anataka kwenda nyumba ya kutunzia wazee."

"Kwa nini?"

"Anasema unamchukia. Anasema humtazami hata usoni."

Kumbe mzee alikuwa amekwenda maktaba, akaazima kitabu cha habari za Wajerumani walipotawala kwetu. Kakisoma chote: watu walionyongwa, mashamba yaliyochomwa. Akamwambia mwanawe kwamba kama ni kwa sababu hiyo, basi nina haki yangu, na angependa kuniomba radhi kwa niaba ya wazee wake, ila kila akikaribia mimi nakimbia. Mama, nilicheka, halafu nikajikuta nalia. Mtu mzima yule, amekaa na kitabu kile peke yake, anatafuta kosa lake.

Nikamweleza Matias kila kitu, kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, na mlango wa jikoni nikauacha wazi kwa makusudi, kwa kuwa nilijua mzee yuko sebuleni. Nilipomaliza, sauti yake ikatoka upande wa pili.

"Kwa hiyo si chuki?"

"Mwambie si chuki," nikamwambia Matias.

"Ni sheria?"

"Mwambie ni sheria."

"Basi mbona sikuambiwa!" Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Mtu anaishi katika nyumba yake anavunja sheria kila siku na hakuna anayemwambia! Zipo nyingine?"

Zikasomwa zote, moja baada ya nyingine, mimi nikisema, Matias akipeleka, na mzee akiuliza maswali kama hakimu. Je, kukohoa kunatosha kumjulisha mtu kwamba ninakuja? Kunatosha. Je, kikombe alichonywea yeye naweza kukiosha? Unaweza. Je, njiani anayepisha ni mwanamke peke yake? Nikasema kwa desturi ndiyo. Akasema katika nyumba yake watapisha wote wawili.

Tangu siku hiyo akazishika sheria zetu kuliko mimi. Anakohoa kabla ya kuingia mahali. Anagonga ngazi kwa fimbo yake kabla ya kupanda. Alikigeuza kiti chake mezani kikaelekeza mgongo jikoni, akaagiza mlango uachwe wazi, tukawa tunakula pamoja kila mtu chumbani mwake, yeye akimwambia Matias aniulize kama mkate umenitosha. Na tukikutana kwenye ngazi kwa bahati mbaya, anageukia ukuta, anavua kofia, anafumba macho mpaka nipite. Siku ya kwanza alipofanya hivyo niliingia chumbani nikalia kilio ambacho sijalia tangu niondoke Tukuyu. Katika nchi hii hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani. Ndani ya basi, dukani, mimi ni mwanamke mweusi mwenye koti la bluu, basi. Lakini mzee yule alipogeukia ukuta, nilijua mimi ni binti yako, wa kwenu, nimefundwa. Ilikuwa kama umesimama pale pale ngazini.

Hapo ndipo tulipokuwa, mama, na nilidhani tumefika.

Wiki iliyopita, asubuhi ya barafu, mzee alitoka kutembea kama kawaida. Nilisikia mlango ukifungwa. Nikateremka na kapu la nguo bila kusikiliza tena, kumbe kageuka getini kufuata glavu zake chumbani, na viatu kashavivua, fimbo kaiacha mlangoni, yuko na soksi. Tukakutana katikati ya ngazi. Akageukia ukuta upesi, akafumba macho vile vile, mguu ukateleza. Alianguka mpaka chini.

Nitakwambia kweli. Nilisimama. Kapu mkononi, namwangalia amelala pale, na miguu ikakataa kushuka, kwa sababu kila nilichofundishwa kilikuwa kinaniambia nigeuke. Sijui nilisimama muda gani. Akaanza kumwita mkewe, kwa Kijerumani, polepole. Nikatupa lile kapu.

Nilikaa sakafuni, nikakiweka kichwa chake mapajani mwangu, nikavuta simu. Mama aliyepokea simu ya gari la wagonjwa akaniuliza kaumia wapi, nikamwambia. Akauliza, "Jina la mgonjwa nani, mpenzi?" Huku hata asiyekujua anakuita mpenzi, usishtuke. Nikasema ni baba mkwe. Akasema sawa, lakini jina lake? Nikasema tena ni baba mkwe wangu. Akadhani nimechanganyikiwa, akauliza kwa upole mara ya tatu. Nikalitaja. Nililitaja jina lake lote, la kwanza na la ukoo, kwa sauti, naye yumo mapajani mwangu anasikia. Akafumbua macho akanitazama, na mimi nikamtazama. Kisha akayafumba haraka akasema, "Samahani. Nimekutazama."

Nyonga imevunjika. Wameshamfanyia upasuaji, na madaktari wanasema atatembea tena, ila taratibu sana. Atahitaji mtu wa kumwinua, kumwogesha, kumvika, kumshika kwenye ngazi, kwa miezi mingi na pengine siku zote. Matias anatoka alfajiri na kurudi jioni. Kama nyumbani hapana mtu, atapelekwa nyumba ya wazee nje ya mji. Huko hakuna atakayeongea naye lugha yake. Hakuna mkate wake mweusi. Pazia za mkewe hatazikuta.

Na unajua mwenyewe alisemaje? Alimwambia Matias, "Nipelekeni huko. Asilazimishwe kuvunja sheria yake kwa ajili yangu."

Niliyabeba maneno hayo mpaka kazini. Nilikwisha kukuandikia kwamba nafanya kazi siku chache kwenye duka la Halima, Coventry Road. Yeye ni Msomali aliyekulia Nairobi, na Kiswahili chake kitakuchekesha, lakini ndiye mtu pekee ninayeweza kumlilia bila kutafuta maneno. Nikamweleza huku tunapanga mifuko ya mchele.

"Hebu niambie," akasema. "Hiyo respect ni ya nani? Ni ya mzee ama ni yako?"

"Ya mzee."

"Sasa mzee akipelekwa hiyo home, aanze kungojea nurse ndio aende choo, hiyo ndio respect? Wacha hizo."

"Wewe huwezi kuelewa. Kwenu hakuna jambo hili."

"Kwetu ziko mingi zaidi! Mamangu alinifunza zote. Zingine niliziacha airport, zingine ndio hizi nimevaa." Akajigusa mtandio. "Kila moja niliiuliza, wewe unamsaidia nani? Hebu uliza yako."

Nilimkasirikia. Nilipanga mchele mpaka jioni bila kusema naye. Lakini nilipokuwa ndani ya basi nilimkumbuka baba. Nilimshika mkono siku zile za mwisho, wewe ukiwa umeushika ule mwingine, na hakuna kitu nilichowahi kufanya kwa mikono hii ninachokishukuru kama hicho. Huyu naye ni baba wa mtu. Ni baba wa mume wangu, na ameanguka kwa kuniheshimu mimi.

Jana tulikaa hospitali na mama wa ustawi wa jamii. Mzee alikuwa kitandani, kageuza uso dirishani kwa ajili yangu. Yule mama akauliza, "Nyumbani nani atakuwa anamshika?" Matias akatazama viatu vyake. Hakunitazama, na namshukuru kwa hilo. Nikasema, "Mimi."

Yule mama akaandika akaendelea na maswali mengine. Hakujua nimesema nini. Mzee alijua. Niliona bega lake likitikisika, na Matias akainuka akaenda kusimama upande ule.

Najua jambo hili kwetu lina utaratibu wa kulifungua. Mkwe hutoa ng'ombe, wazee hukaa, watu huona, ndipo mkwe na mke wa mwanawe hupeana mkono. Nilimweleza Matias, naye akampelekea baba yake, na mzee akamrudisha aniulize ng'ombe awe wa rangi gani. Anasema akipona atasafiri kumleta mwenyewe mpaka Tukuyu, na mimi namwamini, kwa sababu hajawahi kusema jambo asilifanye. Lakini hospitali wanamtoa Ijumaa, na barua hii Ijumaa itakuwa bado iko njiani, labda haijavuka hata bahari. Kwa hiyo sikuombi ruhusa, mama. Nakuarifu. Ruhusa ningeitaka kuliko kitu chochote, ningeitaka kwa sauti yako, nimekaa kwenye kigoda kile kifupi na wewe unageuza ndizi jivuni. Sina namna ya kuipata. Kama nimekosa, nitakuja nipige magoti mbele yako na mbele ya Shangazi, na mtakalosema nitalipokea.

Nisalimie Shangazi Tumpe, aliyenifunda, na umsomee wewe mwenyewe sehemu hii, kwa upole, akiwa ameshakula. Nisalimie Mjomba fundi baiskeli, mwambie zawadi yake ya glavu ilinifaa kuliko sweta zote. Lusajo msalimie na umwambie aache ubishi. Msalimie mke wa mchungaji na kwaya yote ya akina mama, na Mama Neema wa dukani, ambaye najua atakuuliza nimeandika nini. Mwambie nimeandika salamu. Matias anakuamkia, shikamoo yake sasa imenyooka. Ndaga fijo, mama, kwa kunivumilia mpaka hapa.

Nimalizie na hili. Siku moja tunachambua maharage uliniambia habari za Babu, mkwe wako. Mliishi ua mmoja miaka yote ile, ukimpikia, ukimfulia, ukipita migombani. Alipofariki wakakuita uingie umuage, ukamwangalia na hukumjua, kwa sababu uso wake ulikuwa hujawahi kuuona. Ukasema ndiyo heshima, ukaendelea kuchambua, lakini yale maharage uliyachambua vibaya, mawe yote tuliyakuta chunguni.

Mama, mimi wangu nimemwona akiwa hai. Ana macho ya kijivu, nyusi moja ina kovu, na kidevu ni kile kile cha Matias. Ijumaa akifika mlangoni, nitamtazama, na nitampa mkono.

Ni mimi binti yako,
Atupele